Zamu ya Athol

Athol alikuwa ameingia dakika ya kumi na moja ya zamu yake. Najua kwa sababu saa ya ukutani ya Anti Ngaire imetundikwa juu kidogo ya kichwa chake, na ukicheza na Athol utaizoea saa hiyo kuliko sura yake. Mkononi alishika kigae kimoja cha mfereji. Ubaoni kulikuwa na nafasi sita za kukiweka. Sita tu! Kuku angeshachagua, akataga, akaondoka.

"Mzee, hicho kigae kitaota mizizi," alisema Rongo bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake.

"Usinisukume, kijana. Naangalia maji."

"Maji yenyewe ya karatasi."

"Ndiyo maana hayana haraka," alisema Athol, akarudi kufikiri.

Ilikuwa Jumapili, saa saba mchana, mwezi wa Agosti, na feri ya Bluff, bandari ya bara, ilikuwa haijavuka tangu Alhamisi. Upepo ulikuwa unatoka kusini, na upepo wa kusini ukifika kwetu unakuwa haujagusa nyumba ya mtu yeyote tangu kwenye barafu ya ncha ya dunia. Ndege ndogo nayo ilikuwa imefungwa kamba uwanjani. Hakuna anayetoka, hakuna anayeingia. Kwa kawaida hali hiyo hunipendeza, maana dukani wateja hupungua na hatia ya kukaa ndani huisha kabisa.

Tulikuwa wanne sebuleni. Anti Ngaire, mwenye nyumba, ana miaka sabini na miwili, na hapendi kushindwa wala kusikia kwamba chai yake ni nzito. Rongo ni mtoto wa dada yake. Analisha samaki kwenye vizimba vya samoni, na muda unaobaki anaishi ndani ya simu. Athol ni fundi wa jenereta zinazowasha kisiwa kizima, mtu wa miaka sitini na kitu, mpole, mwenye mikono inayonuka dizeli hata akiinawa mara tatu. Na mimi ni Jocelyn wa kaunta ya duka. Duka ni moja. Meza ya michezo nayo ni moja. Kisiwa kina watu mia nne, na waliobaki wana baa yao na mashua zao, hawana haja ya kukaa kuhesabu vigae. Ukifukuzwa kwenye meza ya Anti Ngaire, huna pa kwenda Jumapili isipokuwa nyumbani kwako, ukajitazame.

Mchezo tuliokuwa tunacheza unaitwa Mifereji. Ubao una mlima juu na mashamba chini, na kila mtu kwa zamu yake anaweka kigae kimoja kuleta maji shambani kwake. Maji hayatoshi. Ukijiletea wewe, umemkausha mwenzako, na hapo ndipo utamu ulipo. Tumeucheza, kwa kupokezana na mingine, tangu nifike kisiwani, na sheria ya nyumba ile ni kwamba mchezo ukishafunguliwa haufungwi mpaka uishe. Mwaka juzi bomba la moshi la Anti lilishika moto katikati ya mchezo. Tulilizima, tukanawa masizi, tukarudi kwenye viti. Zamu ilikuwa ya nani? Ya Athol. Na alikuwa bado hajaamua.

Rongo akacheka peke yake, kile kicheko cha puani cha mtu anayesoma.

"Jamani, hii mmeiona? Iko kila mahali. Kuna mtu kaandika kuhusu jamaa wa kikundi chao cha michezo anayefikiria dakika ishirini kila zamu."

Nikachukua simu yangu mezani, nikaifunika kwa kiganja.

Mwandishi alikuwa mimi. Siku kumi na tatu kabla, Jumatatu, dukani hamna mtu, mvua inapiga vioo, niliingia kwenye jukwaa moja la mtandaoni ambako watu huanika ugomvi wao ili wageni waamue nani mkosaji. Niliandika kuhusu Athol. Sikumtaja jina. Kisiwa nilikigeuza kuwa mji mdogo, na fundi wa jenereta nikamfanya mhasibu. Nikauliza kama ni kosa kumtaka asije tena. Sikuwa namaanisha hasa. Nilikuwa nimechoka tu, na nilikuwa peke yangu na mashine ya kutolea risiti.

Watu wa mtandaoni ni wepesi wa hukumu. Waambie mumeo anaacha dawa ya meno bila mfuniko, watakushauri uondoke leo na watoto, hata kama hamna watoto. Kufikia jioni nilikuwa na majibu mia nane. Mmoja alisema Athol ana uchu wa madaraka. Mwingine, wa Norwei, alimgundulia ugonjwa wenye jina refu. Watatu walinishauri nidai talaka, ingawa nilikuwa nimesema wazi kuwa mtu huyu si mume wangu. Na wote walisema mimi ni mchekeshaji. Siwezi kudanganya, nilifurahi. Miaka mitatu kaunta, na mtu pekee anayecheka utani wangu ni yule anayesubiri chenji. Sasa nilikuwa na laiki elfu kumi na tisa. Wakaniambia, tuongezee, tuongezee. Sifa hulevya. Siku ya pili nikaongeza mstari mmoja ambao nisingeusema mbele ya mtu hata kwa kushikiwa kisu, na huo ndio uliopendwa kuliko yote.

"Weka sauti, tusikie," alisema Anti Ngaire. "Huyu Athol hatatoka huko aliko mpaka chai ipoe."

Rongo akaegemeza simu kwenye sahani ya mikate ya jibini. Haikuwa hata maandishi yangu yenyewe. Mtu fulani alikuwa ameyachukua na kuyafanya video: sauti ya mashine inasoma maneno yangu, na chini yake mikono isiyo na mwenyewe inakata sabuni ya pinki vipande vidogo vidogo.

"Huyo anakata nini?" aliuliza Anti.

"Sabuni, Anti."

"Kwa nini?"

"Watu wanapenda tu. Inatuliza."

"Sabuni nzima namna hiyo? Kha! Na mama yangu alikuwa anatubandikia vipande vilivyobaki viwe mche mmoja."

Mashine ikasoma: *Anautazama ubao kama mtu anayesubiri mkate uive, na tanuri lenyewe hajaliwasha.*

Anti akacheka hadi akashika meza. Rongo akampiga Athol begani. "Mzee, una pacha wako huko duniani!" Na Athol, kigae bado mkononi, akatabasamu akitazama ubao. Ningetoa chochote tabasamu lile liondoke, maana lilikuwa la kistaarabu mno.

"Naenda choo," nikasema.

Choo cha Anti Ngaire kipo nyuma, karibu na ndoo zake za ndege wa baharini waliohifadhiwa kwa chumvi, na mtandao hufika pale kwa shida. Nilipanda juu ya mfuniko, simu nikaielekeza dirishani, nikatafuta chapisho langu, nikabonyeza kufuta. Kiduara kikazunguka. Upepo ukatikisa ukuta. Nilisimama pale juu, mwanamke wa miaka arobaini na minne, nikimwomba Mungu wa mawasiliano, mpaka likaja neno: limefutwa. Nikavuta maji kwa ajili ya heshima, nikarudi.

"He!" alisema Rongo nilipokuwa nakaa. "Limefutwa! Mwenyewe kalifuta sasa hivi, watu wanaandika hapa. Dakika moja iliyopita. Jamaa kaogopa!"

Simu yangu ilikuwa bado mkononi. Niliiweka mezani, kisha nikaona imeangalia juu, nikaigeuza. Anti Ngaire aliifuata kwa macho kutoka mkononi hadi mezani, na tangu hapo hakucheka tena.

"Zima hiyo, Rongo," alisema.

"Ngoja Anti, kuna sehemu ya pili, ndiyo kali."

"Nimesema zima."

Lakini mashine haina adabu, inaendelea kusoma mpaka mtu aifikie. Kisu kikashuka kwenye sabuni ya kijani, na sauti ile isiyojua inachosema ikasoma mstari wangu: *Mke wake alimwacha miaka sita iliyopita. Nadhani bado yuko kwenye zamu ile ile, anafikiri amjibu nini.*

Rongo alikuwa ameanza kucheka. Kicheko kikamkwama. Kisiwani kwetu hakuna asiyejua kwamba Verna, mke wa Athol, alipanda feri na masanduku mawili, na kwamba Athol alisimama gatini hadi feri ikapotea, kisha akaenda kazini kwa sababu jenereta ya pili ilikuwa inazimika. Rongo akamtazama Athol, akaitazama simu, akaizima. Kisha, kwa sababu ni Rongo, akaiwasha tena.

"Hapana, hii ni bahati mbaya tu," alisema taratibu. "Wahasibu walioachwa ni wengi." Kidole chake kikawa kinapandisha majibu. "Lakini kuna jamaa hapa wa Polandi... anasema ameipata siku yenyewe ya mchezo ule."

Hapo nikajua nimekwisha. Athol ana desturi ya kuandika kila mchezo wetu kwenye tovuti ya wapenzi wa michezo ya mezani: tarehe, herufi ya kila mchezaji, pointi, na muda tuliotumia. Hakuna anayemtuma. Maelfu duniani wanafanya hivyo, na mimi mwenyewe kila Jumatatu huenda kuangalia. Sasa, mtu wa kawaida akitaka kumsema mwenzake kwa siri angeandika "tulicheza muda mrefu sana, nikamshinda." Lakini mtu wa michezo anaweza kudanganya kuhusu mji, kazi na jina la mama yake, ila pointi hawezi. Niliandika masaa matatu na dakika arobaini na saba. Niliandika hamsini na nane kwa hamsini na saba. Nilikuwa nimemshinda kwa pointi moja, na nikataka dunia ijue.

"Masaa matatu na dakika arobaini na saba," Rongo akasoma. "N sabini na moja. R sitini na sita. J hamsini na nane. A hamsini na saba." Akainua uso. "N ni Anti. R ni mimi."

Upepo ulikuwa unasukuma mlango kama mtu mwenye shida zake. Nilifikiria koti langu, na umbali wa kutoka pale hadi kwangu, na kwamba hata nikifika kwangu, kesho asubuhi wote watatu watakuja kaunta kununua maziwa. Kisiwa hakina mlango wa nyuma.

"Ni mimi," nikasema.

"Najua," alisema Athol.

"Umejua sasa hivi?"

"Nimejua Ijumaa ya wiki iliyopita. Huyo wa Polandi aliniandikia kule kwenye tovuti, kuuliza kama mimi ndiye. Kisha wakaandika na wengine." Alikuwa bado anautazama ubao. "Mia mbili na kumi na wanne, hadi jana. Wengi wana hasira sana na mimi. Kuna mama mmoja wa Brazili alinipa pole tu. Huyo nilimjibu."

"Na Jumapili iliyopita ukaja, na leo pia?"

"Leo Jumapili," alisema, kana kwamba nimeuliza kwa nini jua limetoka.

Ningekuwa mtu mwema ningepiga magoti pale pale. Lakini aibu ikizidi hutafuta pa kutokea, na yangu ilitokea mdomoni.

"Athol, naomba radhi, kweli kabisa naomba radhi. Lakini, jamani! Dakika ishirini! Nafasi sita, kigae kimoja! Miaka mitatu natazama ile saa! Na baada ya yote hayo unashindwa! Ningekuwa angalau naona unashinda, ningesema haya, mtu anafikiri, anavuna. Unafikiria nini muda wote huo?"

Anti Ngaire ndiye aliyevuta kiti chake mbele.

"Rongo, si unayo hapo hiyo orodha ya Athol? Tusomee wa mwisho kila mchezo wa Mifereji ni nani. Anza ulioandikwa karibuni, urudi nyuma."

"Yote, Anti?"

"Mpaka nikwambie basi."

Rongo akaanza. "A. A. Mimi. A. A. A. Anti, hii siku ulikuwa na homa. A. Mimi. A. Mimi tena, sikumbuki hii. A. A." Aliendelea hivyo, na sauti yake ikawa inapungua. Alipandisha haraka, akapandisha tena. "J hayupo."

"Hayupo wapi?" nikauliza.

"Mwisho. Hujawahi kuwa wa mwisho. Michezo sitini na moja. Subiri... hapana, upo. Ule wa kwanza kabisa, J kumi na tisa. Baada ya hapo, michezo sitini, hamna." Akanitazama kama mtu anayetazama mashine ya bahati nasibu iliyoharibika. "Watu wanne, mara sitini. Hata tungechezesha mbuzi, kila mmoja angekuwa wa mwisho kama mara kumi na tano."

Ule wa kwanza niliukumbuka. Nilikuwa na wiki mbili kisiwani, sina rafiki, nalala chumba cha juu ya duka na hita inayotoa harufu tu. Walinikausha bila huruma, kama inavyopaswa. Nilisema kichwa kinaniuma, nikaenda choo kile kile chenye ndoo, nikalia kwa sauti niliyodhani imefunikwa na mvua. Nilipotoka niliwaambia nadhani nitarudi bara na feri ya asubuhi. Kwa nini sikuondoka? Nilidhani ni kwa sababu nilianza kuuweza mchezo.

"Kwenye Mifereji, popote unapoweka, unamkausha mtu," alisema Anti Ngaire. "Sasa jifanye wewe ni Athol: jaribu kuweka usimkaushe Jocelyn, na Jocelyn mwenyewe asijue, na Rongo asishinde kwa ulaini maana atapiga kelele wiki nzima. Jaribu, mwanangu. Tukuwekee saa."

"Inachukua muda," alisema Athol, kwa sauti ya kuomba msamaha.

Niliona aibu kwanza. Kisha nikaona hasira, na hasira ilikuwa rahisi kuishika. Wote wawili walijua! Miaka mitatu nimekaa kwenye kiti kile nikijiona mchezaji, kumbe nalishwa kijiko kwa kijiko.

"Na zile mara nne nilizoshinda?"

Athol akafikiri. Ndiyo, hata hilo alilifikiria, na niliangalia saa kwa mazoea tu: nusu dakika.

"Mbili zilikuwa zako kweli," alisema.

"Nani aliwaomba?"

"Hakuna."

"Basi leo cheza. Cheza kama unavyojua. Usinihurumie."

"Jocelyn," alisema Anti.

"Hapana. Mimi si mtoto. Weka hicho kigae, Athol."

"Una hakika?"

"Weka!"

Akaweka. Hakuinama hata kukitazama. Mkono uliokuwa umening'inia dakika thelathini, ukijumlisha na maungamo, ulishuka mara moja na kukifunga mfereji wangu mkuu pale pale unapotoka mlimani. Nikacheza, nikafungua njia ya pembeni. Zamu ilipomfikia tena hakungoja hata Rongo atoe kidole kwenye kigae chake. Tak. Njia ya pembeni ikafa. Kila zamu ilikuwa hivyo, tak, na yeye akishaweka anakunja mikono na kunitazama mimi, bila chuki, akinisubiri. Sikuwahi kujua kwamba ubao ule una njia zile. Maji yalipita kwenye mabonde niliyodhani ni mapambo tu. Anti Ngaire, ambaye hapendi kushindwa, alishindwa bila kulalamika. Rongo aliacha simu, na hilo sikuwahi kuliona.

Na mimi sasa nikawa ndiye anayefikiri. Nilikaa na kigae mkononi, natafuta mahali pamoja, pamoja tu, ambapo hatanifikia. Nilihisi wote wakiisikiliza saa. Hakuna aliyenisukuma. Mchezo uliokuwa umebaki nusu uliisha kwa dakika ishirini na tano.

Athol themanini na moja. Anti arobaini na nane. Rongo arobaini na tano. Mimi ishirini na mbili, na sita kati ya hizo ni za kisima ambacho kila mchezaji hupewa bure mwanzoni.

"Themanini na moja," alisema Rongo kwa kunong'ona. "Sikujua kama inafika huko. Mzee, ungeweza kutupiga hivi kila wiki?"

"Mchezo ungekuwa unaisha mapema sana," alisema Athol.

Ilikuwa saa nane kasoro. Mchana wote ulikuwa bado mbele yetu, na hakuna aliyejua autumie vipi. Tulikuwa hatujawahi kumaliza kabla ya giza. Athol akaanza kurudisha vigae kwenye vifuko vyake, kwa rangi, kama kawaida yake, na mimi nikamsaidia kwa sababu mikono yangu haikuwa na kazi nyingine.

"Athol," nikasema. "Ule mstari wa Verna. Samahani."

"Ulikuwa mstari mzuri," alisema. "Ndiyo shida yake."

"Sikuwa na haki."

"Hukuwa nayo." Akafunga kifuko cha bluu. "Niliufikiria sana, lakini. Nikaona kwamba ni kweli. Bado sijajua ningemjibu nini."

Nilitaka anitukane. Mtu akikutukana mko sawa, mnaweza kuanza upya. Nikageukia kwa Anti Ngaire, mwenye meza, nikauliza lile nililokuwa naliogopa tangu Rongo acheke puani.

"Jumapili ijayo nije, au nisije?"

Anti hakunijibu mimi. Alimimina chai kwenye kikombe cha Athol, ambacho kilikuwa bado kimejaa, na ikamwagika kidogo kwenye sahani.

"Aseme Athol," alisema. "Nyumba yangu, lakini hili si langu."

Athol akaweka boksi la mchezo katikati ya meza. Akaegemea. Akayaelekeza macho kwenye mfuniko, pale palipochorwa mkulima na ng'ombe wake, akaanza kufikiri.

Rongo akavuta pumzi kusema kitu, Anti akamkanyaga mguu. Tukakaa. Dakika ya pili, ya tatu. Nilimtazama uso wake, na mara ya kwanza katika miaka mitatu nikaona kazi inayofanyika mle: anajaribu huku, anaona nani ataumia, anarudi, anajaribu kule, anarudi. Akisema usije, nimebaki na duka na mashine ya risiti. Akisema njoo tu, yeye atakaa kila Jumapili mbele ya mtu aliyeichekesha dunia kwa kisa cha mkewe. Hakukuwa na nafasi sita. Dakika ya nane akakohoa.

"Wewe njoo," alisema. "Kiti chako ni chako. Mimi nitapumzika kidogo. Jenereta ya kwanza ina kelele ambayo siipendi, na Jumapili ndiyo siku nzuri ya kuifungua."

"Mzee, hapana bwana," alisema Rongo. "Tutachezaje watatu?"

"Watatu unachezeka. Kuna kanuni zake ukurasa wa mwisho."

"Athol, hiyo siyo," nikasema. "Mimi ndiye niliyekosa. Niache mimi nikae nyumbani. Rudisha hiyo, fikiria tena. Fikiria hata saa nzima, nitangoja."

Alikuwa ameshasimama anavaa koti, mkono mmoja unautafuta mkono wa koti nyuma ya mgongo wake. Rongo akamshikia. Athol akanitazama kwa upole ule ule ambao ningependa nisiuone tena maishani. Kwenye meza ile, kigae kikishaachwa na mkono hakirudishwi, hata kama kimemharibia aliyekiweka.

"Nimeshaweka, Jocelyn," alisema, akatoka.